Rangi Iliyorudi Koponi

Ijumaa asubuhi Bibi alikuwa akitandika vitambaa vyake vya kufuma kwenye viti vya sebuleni, na kitambaa cha kwanza kikateleza na kuanguka. Alikiokota, akakikung'uta, akakirudisha kwenye mkono wa kiti na kukikandamiza kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto. Kilikaa kwa muda wa mtu kupiga chafya. Halafu kikashuka tena, taratibu, kikajikunja vizuri na kutulia sakafuni karibu na mguu wake. Vingine vikafuata kimoja kimoja. Vitambaa hivyo alivifuma kwa mkono wake, na vilikuwa vimekaa kwenye viti hivyo miaka na miaka. Hata paka alipokuwa akivilalia havikuwahi kusogea.

Bibi hakuuliza kulikoni. Alijua. Jumanne mwanawe wa kiume alimwambia jambo, naye akaitikia, "Sawa, baba." Jioni hiyo hiyo kikombe alichokitundika kwenye ndoano ya jikoni kilishuka chenyewe kikasimama juu ya meza. Asubuhi alikikuta kimetundikwa, akajipa moyo kwamba nyumba imemsamehe wakati amelala. Jioni kikashuka tena, na vikombe vingine vikakifuata.

"Haya basi," aliviambia vitambaa, akavitia kapuni.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mwanawe, ambaye wote walimwita Bosi kwa sababu alianza kutoa amri kabla hajaanza kutembea, alikuwa anahamia katika nyumba hiyo na mke wake na mapacha wao wa kike. Jumapili wageni wangekuja kuiona nyumba. Chumba cha mbele, chenye madirisha mawili, kingekuwa cha mapacha. Humo ndimo dada yake Bosi alimolala na kushona. Yeye angehamia stoo, nyuma ya jiko, mahali pa ngazi na magunia matupu.

"Mama, mwambie wewe," Bosi alisema siku ile ya Jumanne. "Wewe ndiye unayejua kuongea naye. Mimi nikimwambia ataona namfukuza."

"Kwani humfukuzi?"

"Namhamisha."

"Na nikishindwa kumwambia?"

"Nitamwambia mimi Jumapili, mbele ya wageni. Mbele ya wageni hatasema kitu, unamjua."

Bibi alimjua. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alishona sare za watoto wa shule tangu alipokuwa msichana, na kila tofali la nyumba hiyo lilitoka kwenye cherehani yake. Siku ya kununua kiwanja, muuzaji alisema anataka jina la mwanamume kwenye karatasi. Mwanamume pekee aliyekuwepo alikuwa mdogo wake Fundi, bado mwanafunzi, amevaa kaptura aliyoshonewa na dada yake. Ndivyo nyumba ilivyokuwa ya Bosi. Jambo hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelitaja, sawa na mtu mwenye kidonda mguuni ambaye amezoea kuvaa soksi.

Mzee wa rangi alifika kabla jua halijawa kali. Mke wa Bosi, Mama Pacha, alikuwa amechagua rangi aliyoiita ganda la yai. Mzee alitandaza magazeti sakafuni, akafungua kopo, akaanza na ukuta ulio mkabala na mlango. Alipofika kwenye kona, alikoanzia kulikuwa kumeshaanza kushuka. Rangi haikuchuruzika. Ilishuka kwa utulivu kama pazia linaloteremshwa, ikapita juu ya magazeti bila kuyachafua, ikapanda ubavuni mwa kopo na kuingia ndani. Mzee alirudia. Rangi nayo ikarudia. Akaketi kwenye kipago cha chini cha ngazi na kupangusa mikono, ingawa mikono ilikuwa safi.

"Nyumba imekataa mkono," alisema.

"Imekataa nini?" Bosi aliuliza.

"Mkono wangu. Hutokea. Kuna nyumba nimewahi kukutana nayo, ilikataa hadi chokaa. Muiteni mwenyewe apake."

"Mwenyewe ni mimi."

Mzee alimtazama, akalitazama kopo, akamkabidhi brashi. "Karibu, bosi."

Bosi alikunja mikono ya shati akapaka kipande kikubwa. Rangi yake ilirudi mbio kama mtoto aliyeitwa kula. Mama Pacha naye alijaribu. Yake ilisubiri kidogo, kwa adabu, halafu nayo ikashuka.

Mzee aligeuza sikio upande wa chumba cha mbele, ambako cherehani ilikuwa ikiunguruma. "Na huyo anayeshona humo?"

Fundi aliitwa. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Alichukua brashi bila kuuliza, akapaka eneo la upana wa mlango, akarudi nyuma hatua moja kuangalia. Wote walisubiri. Inzi akatua ukutani, akanasa miguu, akajinasua. Rangi ilikaa pale pale na kuanza kukauka.

"Mmeona?" Mzee wa rangi alitweka ngazi yake begani. "Hapa hamna kazi yangu. Mpako wa pili apake huyu huyu."

Bosi alikohoa. Mama Pacha ndiye aliyepata la kusema. "Afadhali, jamani. Wifi, utatusaidia, sivyo?"

"Nitawasaidia," Fundi alisema huku akitoa pini mdomoni. "Ila mtu anishikie kopo. Mgongo wangu wa kushonea si wa kuinamia."

Bibi alilishika kopo. Lilikuwa zito. Alikuwa karibu na binti yake kiasi cha kusikia pumzi yake, na maneno yote alikuwa nayo, ameyapanga kama vijiko kwenye droo. Akafungua mdomo.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Hapo juu umeruka."

Fundi akapaka pale alipoparuka.

Jumamosi ilikuwa siku ya mapambo. Meza ya kulia ilijaa karatasi za rangi, mikasi, gundi na vipande vya nguo. Mapacha walikata vipande vyembamba na kuviunganisha kuwa mnyororo. Ila kila walipoutundika, mnyororo ulijikunjua ukutani, ukarudi kwenye kikapu na kujizungusha kama nyoka aliyeshiba.

"Nyumba haitutaki," alisema pacha mmoja.

"Hata sisi tuliokuwa hatujazaliwa ilipojengwa," alisema mwenzake.

"Hebu njooni." Fundi aliweka mkono wake juu ya mkono wa yule wa kwanza, wakabandika pamoja. Mnyororo ukakaa. Akafanya hivyo na wa pili. Basi tangu hapo ikawa ndiyo kazi. Aliyetaka kubandika ua la karatasi aliita, "Shangazi, mkono!" Aliyetaka kutundika pazia aliita, "Wifi, mkono!" Fundi alizunguka nyumba nzima akiwawekea mkono wake juu ya mikono yao, na kila kitu kikashika. Mama Pacha alipomwona amepiga magoti kupaka sehemu ya chini ya ukuta, alikimbia kuleta mto, akauweka mwenyewe chini ya magoti ya Fundi, bila kuambiwa. Bibi aliona. Akaona pia jinsi Fundi alivyojifanya mkasi umempotea ili pacha yule mkimya apate kuupata na kusifiwa. Kama wangekuwa watu wabaya, alifikiri, ningekwisha sema tangu Jumanne.

Yeye mwenyewe hakugusa kitu. Alikaa kwenye kiti, mikono mfukoni mwa aproni, akisema anaumwa vidole.

Bosi aliingia amebeba picha yake kubwa ndani ya fremu ya dhahabu, ile aliyopigwa akiwa ameegemea gari la mtu. Alipigilia msumari katikati ya ukuta. Msumari ulitoka, ukaenda kulala mezani ukiwa umenyooka. Akapigilia mwingine. Nao ukaenda kulala karibu na mwenzake. Watoto waliinamisha vichwa kuficha vicheko.

"Dada," alisema bila kugeuka. "Hebu nishikie."

Fundi alishika msumari. "Usinipige kidole, Bosi. Hicho ndicho cha kazi."

"Nimewahi kukupiga mimi?"

"Kwa nyundo, hapana."

Alipiga, msumari ukaingia, picha ikakaa. Walisimama bega kwa bega wakiitazama, na kwa kitambo kidogo walifanana sana kama walipokuwa wadogo. Halafu Bosi akamgeukia mama yake na kuinua nyusi. Umemwambia? Bibi alitikisa kichwa. Bosi akaonyesha kidole kwenye saa ya ukutani.

Hapo ndipo pacha msemaji, akiwa anapaka gundi kwenye ua, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, kule stoo utalala na ngazi?"

Mkasi wa Fundi ulisimama. Mama Pacha alimwaga pini. Bosi alianza kuchunguza fremu kama mtu anayetafuta chawa.

"Stoo kuna ngazi," alieleza yule pacha mkimya, akidhani shangazi hajasikia.

"Kuna ngazi, ndiyo," Fundi alisema. Mkasi ukaendelea. "Niletee karatasi ya kijani, mpenzi. Ua haliendi bila majani."

 Bibi alimtazama binti yake usoni akitafuta dalili, akaona uso wa mtu anayekata majani ya karatasi. Labda hakuelewa. Labda alidhani ni maneno ya kitoto. Nitamwambia wakati wa chai, alijiahidi. Wakati wa chai walikuwepo wote. Nitamwambia wakati wa kuosha vyombo. Wakati wa kuosha vyombo Mama Pacha alishika kitambaa cha kukaushia, akaimba.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu ya keki. Mama Pacha alipima unga, akachuja, akapiga siagi na sukari hadi ikawa nyeupe, akavunja mayai. Alijua kuoka. Keki zake zilisifiwa kule walikokuwa wamepanga. Lakini kila alichokitoa kwenye oveni ya nyumba hii kilikuwa bapa na kigumu kama kifuniko cha sufuria. Mapacha walikula vipande vyake kwa moyo wa huruma.

"Jamani," alisema, akacheka, na cheko likaishia kwenye machozi. "Hata keki?"

"Ongeza unga," Fundi alisema. "Mimi nikoroge tu."

Aliikoroga. Keki ilipanda ikajaa chombo, ikapasuka kidogo juu kama inavyotakiwa, na harufu ikaenda hadi barabarani. Mapacha walipopiga makofi na kusema, "Keki ya shangazi!" Fundi aliwakatiza. "Ya mama yenu. Aliyepima ndiye aliyepika. Kukoroga hata paka angekoroga." Mama Pacha aliinamia beseni la vyombo, akasugua mahali pasipo na uchafu, kwa muda mrefu.

Baadaye alikwenda kuwavisha watoto. Jikoni wakabaki Bibi na Fundi, na keki kati yao. Fundi alikuwa akiizungushia maua ya sukari, moja moja, kwa kisu butu. Bosi alichungulia mlangoni akiwa na shati jipya, alama za mikunjo ya dukani bado zikionekana.

"Mama?"

"Niache kidogo."

"Wameshafika kwenye kona. Nawaona."

"Nimesema niache, baba."

Akaondoka. Sauti za wageni zilisikika mbali, na mlango wa gari ukafungwa.

"Mama, nisaidie na maua upande huo," Fundi alisema.

Bibi hakutoa mikono mfukoni. "Siwezi," alisema. "Nikiweka yataanguka." Halafu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaendelea, haraka, na yale maneno aliyoyapanga kama vijiko yakatoka yamechanganyikana na uma. "Chumba chako wanakichukua. Cha mbele. Watalala watoto. Wewe unapelekwa stoo. Mdogo wako aliniomba nikwambie, nikasema sawa. Sikusema hapana. Nilisema sawa, tangu Jumanne, na nimekaa nayo. Atatangaza sasa hivi mbele ya watu ili usiweze kumjibu. Nimekuja kukwambia wageni wakiwa mlangoni. Ndiyo hivyo."

Fundi aliweka ua moja. Akaligeuza kidogo likae vizuri.

"Najua, mama."

"Watoto walipotaja ngazi?"

"Kabla. Wifi alikuja kupima dirisha langu akaniambia anapima upepo." Alitabasamu kidogo. "Tena Jumanne ile ile jioni niliona kikombe chako kimeshuka. Nikajua kuna kitu umekubali ambacho hukukitaka."

Bibi alitazama ndoano za vikombe. Vyote vilikuwa vimetundikwa.

"Nani amekuwa akivitundika?"

"Mimi. Kila asubuhi kabla hujaamka. Sikutaka uvione vimeshuka."

Nje mtu alicheka, na sauti ya Bosi ikasema karibuni, karibuni, hapa ndipo kwangu.

"Na ulijua, ukapaka," Bibi alisema. "Ukawawekea mkono wote hao. Ungeliacha kopo, wasingekuwa na nyumba ya kumwonyesha mtu. Mbona hukuniuliza, mwanangu? Mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakusubiri uniambie wewe." Fundi alifuta kisu kwa kitambaa. "Na ukuta ulikuwa unahitaji rangi. Mimi ukuta ule nimeujenga, mama. Nisingeuacha uchi kwa sababu ya Bosi."

Aliinua keki kwa mikono miwili na kuipeleka sebuleni.

Wageni waliisifia nyumba kuanzia mlangoni. Walisifia mapazia, mnyororo wa karatasi, maua, picha katika fremu ya dhahabu. Bwana mmoja mwenye kitambi alipapasa ukuta. "Rangi imeshika hii! Kazi ya nani?"

"Tumepaka wenyewe," Bosi alisema. "Kifamilia."

Keki ilikatwa. Bosi alisimama, akagonga kijiko kwenye glasi. Aliwashukuru wote kwa kufika nyumbani kwake. Akasema mapacha watapata chumba cha mbele, chenye hewa. Akasema dada yake, ambaye anampenda sana, ameamua mwenyewe kuhamia nyuma, maana siku hizi anapenda utulivu. Wageni wakapiga makofi. Mama Pacha alitazama sahani yake.

Bibi alitazama ukuta. Watu wa nyumba hiyo wote walikuwa wakitazama ukuta, hata Bosi, kwa pembe ya jicho. Hata kitone hakikusogea. Mnyororo ulining'inia. Picha ilikaa. Vyote hivyo Fundi aliviweka, na Fundi alikuwa amesimama karibu na mlango na sahani za keki mkononi, akimuuliza bwana mwenye kitambi kama angependa kipande cha pembeni au cha katikati. Hakuviita virudi. Bwana alichukua cha katikati.

Jumatatu cherehani ilihamishiwa stoo. Bosi mwenyewe aliibeba, kwa uangalifu mkubwa, akirudi nyuma nyuma na kuwaambia watoto wapishe njia. Alipigilia rafu, nayo ikaanguka, ikabidi dada yake amshikie. Ngazi ilitolewa nje. Stoo ilikuwa na kidirisha kimoja, na mwanga wake ulitosha kushonea hadi alasiri tu.

Maisha ya nyumba yakazoea. Mama Pacha alipotaka kubadilisha mapazia alienda kugonga stoo. Siku za kuoka alipima kila kitu kwanza, halafu akaita, "Wifi, njoo mara moja ukoroge." Mapacha waliporudi na michoro ya shule walimpelekea aibandike chumbani kwao, na waliposahau na kujaribu wenyewe, michoro ilirudi kwenye mabegi. Mzee wa rangi alipopita barabarani aliuliza hali ya ukuta. Wakamwambia umeshika. Akasema ndivyo.

Alasiri moja Bibi alipita jikoni na kapu lake, akaingia stoo, akaketi kwenye gunia lililojazwa vipande vya nguo. Fundi alikuwa akishona ukosi wa sare.  Bibi alitoa kitambaa kimoja cha kufuma, akakitandika kwenye meza ya cherehani, upande usiomzuia mshonaji. Akaweka kiganja chini ya ncha yake ili akidake.

Alisubiri. Fundi alikanyaga cherehani, meza ikatetemeka, kitambaa kikatetemeka nayo. Mshono ukaisha. Kitambaa kilikuwa pale pale. Bibi alisubiri mshono mwingine, kwa kuwa hakuwa na haraka, ndipo akaondoa kiganja.

"Kimekaa kombo," Fundi alisema.

"Kiache."

Kutoka sebuleni kulisikika kishindo kidogo, halafu sauti ya msumari ukijilaza mezani.

"Dada!" Bosi aliita. Alikuwa amejaribu kuisogeza picha. "Dada, hebu njoo na mkono!"

Fundi alikata uzi kwa meno, akachoma sindano kifuani mwa blauzi yake, na kuchukua nyundo kwenye rafu.